Rupia Iliyopenyezwa

Iko methali ambayo kila aliyelelewa katika pwani yetu ameisikia kabla hajajua kuhesabu fedha, nayo ni ile isemayo kwamba penye udhia penyeza rupia. Wazee huitamka kwa wepesi, kama mtu anayemwelekeza mwenzake mahali ulipofichwa ufunguo wa mlango uliokwama, na wanaoisikia aghalabu hutikisa kichwa kwa kukubali, kisha mazungumzo yakaendelea. Mimi pia kwa miaka mingi niliichukua hivyo hivyo, mpaka siku moja nilipoitazama kama mtu anavyoitazama sarafu kongwe iliyookotwa mchangani maji yalipokupwa, nikaona kwamba methali hii, mfano wa sarafu, ina tarehe iliyochorwa juu yake.

Maana rupia haikuwako tangu asili. Babu zetu wa mwanzo wa karne ya 19 walihesabu mali yao kwa riale, ile fedha nzito yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, na rupia ya Bara Hindi ilienea Unguja na Mrima katika nusu ya pili ya karne hiyo, kadiri biashara na watu wa Bombay na Kutch ilivyozidi kunawiri. Kampuni ya Kijerumani ilianza kupiga rupia yake mwenyewe mwaka 1890, moja ikiwa na pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaigeuza hesabu hiyo, rupia ikawa na hela 100, na neno hilo la hela tungali nalo vinywani ingawa wengi hawajui lilikotoka. Waingereza nao waliiacha rupia mwaka 1920, wakaleta florini, na haukupita muda mrefu ila ikaja shilingi. Basi rupia ilitamalaki mikononi mwa watu wetu kwa vizazi viwili au vitatu tu, na methali inayoitaja yaelekea ilizaliwa ndani ya muda huo. Muda huo ndio uliotuletea pia afisi yenye karani ndani na raia nje, muhuri, cheti, daftari la kodi, na askari mlangoni. Na nadhani udhia unaotajwa na methali ni huo, ambao mtu hakuwa nao kabla hajaambiwa kwamba jambo lake halipo mpaka liandikwe na mtu mwingine.

Litazameni na tendo lenyewe. Methali haikusema toa rupia, wala lipa rupia, kwa kuwa kutoa na kulipa ni matendo ya mchana, yanayofanywa mbele za watu na kuhesabiwa. Imesema penyeza, yaani pitisha kitu mahali pembamba ambapo hakikukusudiwa kupita, chini ya karatasi, katikati ya viganja viwili vinavyoamkiana. Ndani ya neno hilo moja mna ithibati kwamba aliyetunga methali alijua kwamba analolishauri halifai kuonekana, na kwamba wote wawili, mpenyezaji na mpenyezewa, walikuwa na haya. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya haya hiyo: jinsi ilivyoingia, na jinsi ilivyopungua hata watu wakazoea.

Neno rushwa tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na wanazuoni wa lugha yao wamelinasibisha na neno rishaa, ambayo ni kamba ya kuvutia ndoo kutoka kisimani, kwa kuwa rushwa, sawa na kamba, humfikisha mtu kwenye kitu ambacho mkono wake peke yake haukifikii. Mfano huu una maana kubwa kwetu sisi watu wa pwani, ambao visima vyetu vingi vilichimbwa na watu wema wakaviweka wakfu, kila mpita njia anywe na kila mwenye kutawadha atawadhe bila ya kuulizwa jina lake wala kabila lake. Mwenye kukichunga kisima cha wakfu hamiliki tone moja la maji yale. Kazi yake ni kuitunza kamba. Lakini itokee siku ambayo mchunga kisima ameizungusha kamba mkononi mwake, akangoja aone kila mwenye kiu amekuja na nini, na hapo hakuna aliyeiba kisima, maji yangalimo, ukuta umesimama, jina la mwenye kuweka wakfu lingali limeandikwa, ila wakfu umekwisha.

Sharia ya dini ililikataza jambo hili zamani sana, na makadhi wa Lamu, Mombasa na Unguja waliisoma hukumu yake kabla ya serikali yoyote ya kigeni kutunga kanuni zake. Sura ya pili ya Kurani, katika aya ya 188, inawakanya waumini wasiliane mali kwa batili na wasizipeleke kwa mahakimu ili wajipatie sehemu ya mali za watu kwa dhambi, na hadithi mashuhuri ya Mtume imemlaani mtoaji pamoja na mpokeaji. Lakini iliyonigusa mimi zaidi ni habari ya mtu mmoja wa kabila la Azd, aliyetumwa na Mtume kwenda kukusanya zaka, naye aliporudi akaigawa mali mafungu mawili, akasema hili lenu, na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza mbele ya watu kwamba kwa nini mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake au kwa mama yake akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Sijaona kipimo kilicho chepesi kuliko hicho cha kutenganisha zawadi na rushwa: mvueni mtu cheo chake, mketisheni barazani kwa mamake, kisha hesabuni wageni.

Neno hongo ni letu wenyewe, na safari yake ni ya ajabu kuliko ya rushwa, kwa kuwa lilianza likiwa jina la malipo ya halali. Msafara ulioondoka Bagamoyo kwenda Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliita Kaze, ulichukua miezi mitatu na pengine zaidi. Baada ya Mpwapwa njia iliingia Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, wapagazi wakipita humo kwa mwendo wa kukazana usiku na mchana, kisha ikatokea Ugogo, na huko ndiko hongo ilikokuwa nzito kuliko mahali pengine pote. Kila mtemi aliyekuwa na nchi njiani alitaka chake, akalipwa kwa nguo: merikani nyeupe iliyotoka Marekani, kaniki ya rangi ya nili iliyotoka Bara Hindi, nguo zenye majina zilizochaguliwa kwa ajili ya watemi na wake zao, na juu ya nguo hizo shanga na masango. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na mkono uliopima ulikuwa mkono wa mtu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, hivyo hata urefu wa mkono wa mpimaji ulikuwa jambo la kuzungumzwa.

Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857, na Henry Morton Stanley mwaka 1871, na vitabu vyao vimejaa manung'uniko juu ya hongo, ambayo waliiona kuwa ni unyang'anyi uliovikwa heshima. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyerejea kutoka utumwani Bara Hindi na ambaye aliwatumikia wote watatu, angeweza kutupa habari nyingine kama angaliandika. Maji ya Ugogo wakati wa kiangazi hayakuwa ya kuteka tu; yalichimbwa katika mchanga wa mito iliyokauka na katika maziwa madogo yaliyokuwa yakipungua kila siku, na msafara wa watu mia tano uliopiga kambi hapo siku nne uliweza kuwamaliza ng'ombe wa wenyeji kwa kiu. Aliyelipa hongo alilipia maji hayo, na ruhusa ya kununua mtama, na amani ya kupita katika nchi ambayo mvua yake na ardhi yake vilikuwa katika dhamana ya mtemi. Zaidi ya hayo, hongo ilizungumzwa hadharani. Wakuu wa msafara walimtuma mjumbe, wazee wa mtemi wakaja kambini, nguo zikafunguliwa zikatandazwa chini ya mti, moja ikakataliwa, nyingine ikaongezwa, siku ikaisha, ya pili ikaisha, na mambo yalipokatika kila mpagazi alijua kiasi kilicholipwa, na msafara uliokuja nyuma uliuliza ukaambiwa.

Sisemi kwamba watemi wote walikuwa waadilifu, kwani tamaa iliwaingia baadhi yao kadiri pembe za ndovu zilivyozidi kupita, na misafara midogo iliumia kuliko mikubwa yenye bunduki. Ugomvi juu ya njia na malipo yake ulikuwa moja katika sababu zilizowasha vita vya mwaka 1871 baina ya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe, ambavyo viliifunga njia ya Ujiji na kumlazimisha Stanley kuzunguka kwa kusini. Nisemalo ni kwamba hongo ya namna hiyo haikuwa na la kupenyezwa. Ilikuwa nzito na yenye kuchosha, lakini ilikuwa na jina, bei, mashahidi, na kitu kilichopatikana kwa badala yake.

Wakati huo huo, huko Unguja, kulikuwa na jambo jingine lililokuwa na sura ya utaratibu zaidi na madhara ya siri zaidi. Sultani hakukusanya ushuru wa forodha kwa watumishi wake mwenyewe, bali aliukodisha kwa tajiri wa Kihindi aliyemlipa kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, na ziada yote ikawa yake. Mikataba ya Marekani ya mwaka 1833, ya Uingereza ya 1839 na ya Ufaransa ya 1844 iliweka ushuru wa asilimia tano juu ya bidhaa zilizoingia, na mtu aliyepima bidhaa hizo alikuwa wakala wa nyumba ya Jairam Shivji, nyumba ambayo ilikuwa ni mtoza ushuru, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote waliotozwa, na mdai wa sultani mwenyewe, vyote kwa pamoja. Sina haja ya kuwashutumu matajiri wale, kwani walifanya walichoruhusiwa kukifanya. Lakini mfanyabiashara mdogo wa Kilwa aliyeonewa katika mizani alikuwa hana wa kumshtakia, maadamu hata sultani alikuwa katika daftari la mwenye mizani.

Wajerumani walipojenga maboma yao Mpwapwa na kwingineko katika njia ya misafara, hongo ya watemi ilizimwa, na wasafiri wengi walishukuru. Badala yake amri ya mwaka 1897 ikaleta kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba ya shamba, na kuikusanya akawekwa akida, ambaye aghalabu alikuwa mtu wa pwani aliyepelekwa kwa watu asiohusiana nao kwa nasaba wala kwa mila, na chini yake jumbe wa kila mahali. Akida alitoza kodi na akapata fungu katika alichokitoza, akatoa watu wa kazi ya lazima, akaamua kesi, na askari wakawa chini ya amri yake. Mtemi wa zamani aliyezidisha hongo alijua kwamba mwakani msafara ungepita njia nyingine na yeye angebaki na maji yake, lakini mwenye nyumba ya makuti huko Umatumbi angepita wapi? Alimkuta akida penye kodi, akamkuta tena penye kesi, na aliyetaka jina lake liruke katika orodha ya watu wa shamba la pamba alijua la kufanya. Hapo ndipo, kwa rai yangu, neno hongo lilipogeuka maana, likaacha kuwa jina la malipo ya njia likawa jina la malipo ya kukwepa mateso, na hapo ndipo rupia ilipojifunza kupenya.

Mwezi wa Julai 1905 watu wa milima ya Matumbi waling'oa pamba, kisha wakamwendea akida huko Kibata, na moto wa Maji Maji ukaenea kusini yote. Sababu za vita vile ni nyingi na zimeandikwa na wajuzi kuliko mimi: shuruti ya pamba, ujira wake mdogo hata wengine wakaukataa, viboko, kodi. Hata hivyo, anayesoma masimulizi ya wazee wa kule atawasikia wakiyataja majina ya maakida na majumbe kabla ya jina la Kaisari, kwa kuwa mtu hujua serikali kwa uso wa yule aliyetumwa mlangoni pake. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Utawala wa Kiingereza ulikuja na nia ya kutengeneza jambo hili, na si haki kuinyima nia hiyo sifa yake. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, aliwarudishia watemi na machifu madaraka yao, lakini kodi za kijadi walizokuwa wakiletewa, za mtama na pombe na nguvu za mikono, zikageuzwa fedha na kuingizwa katika kodi ya serikali, na chifu akalipwa mshahara kutoka hazina ya wenyeji. Kwa hesabu ya karatasi, zawadi ilikwisha siku ile. Kwa hesabu ya maisha, mtu aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba kesho yake aliona vigumu kwenda mikono mitupu kwa chifu ambaye baba yake na babu yake walimpelekea kuku, na chifu aliona vigumu kumrudisha kuku mlangoni mbele ya mkewe. Baina ya ada na rushwa kulikuwa na ukuta mwembamba, na sheria mpya iliuhamisha ukuta huo bila ya kuwaambia watu ulipowekwa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na kopo la biskuti lililoliwa na kutu pembeni, na ndani yake aliweka stakabadhi zake zote za kodi, zimefungwa kwa uzi wa katani mwaka baada ya mwaka. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni fedha za zamani. Alinieleza kwamba katika ujana wake mtu hakutoka nyumbani bila ya karatasi ile, kwa kuwa askari waliweza kumsimamisha njiani akaombwa aionyeshe, na asiyekuwa nayo alilala ndani. Kisha akanionyesha mwaka mmoja uliokosekana. Mwaka ule, alisema, alilipa, lakini karani alisema kitabu cha stakabadhi kimekwisha, aje wiki ijayo, na wiki ijayo karani akasema hakumbuki; akalipa mara ya pili, na mara hiyo ya pili kidogo zaidi, ili akumbukwe. Babu hakulisimulia jambo hili kwa hasira. Aliuweka uzi mahali pake, akafunga kopo, akasema kwamba kuanzia hapo alijua kwamba karatasi haina nguvu isipokuwa mtu anayeiandika amekupenda. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya madhara ya rushwa tangu siku ile, wala sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi kile kinachopotea. Fedha alizotoa mara ya pili alizipata tena kwa jasho lake, lakini ile itikadi kwamba aliyelipa amelipa, hata akifa hakuipata.

Uhuru ulipokaribia, Julius Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960 akasema kwamba rushwa ni lazima ihesabiwe jirani ya uhaini, na kila mwanachama wa TANU aliahidi kwa kinywa chake kwamba rushwa ni adui wa haki, hataipokea wala kuitoa. Sheria ya adhabu za lazima ya mwaka 1963 ilimpa mla rushwa kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24, kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka, na watu wakasema hivyo vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Nyerere mwenyewe aliikumbusha habari hiyo mwaka 1995, alipokuwa ameona mengi. Katika zama hizo hizo iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya, ya kwanza ya namna yake katika bara zima la Afrika, ambayo ilizunguka mikoani ikaketi kuwasikiliza raia waliodhulumiwa na wenye vyeo. Mtu wa kijijini asiye na wakili alikuja akasimama akataja jina la mkubwa wake. Neno la tume halikuwa amri, kwa kuwa lilikwenda kwa Rais naye ndiye aliyekata shauri, lakini kule kusimama tu, mbele ya watu, kulirudisha kitu ambacho kopo la babu yangu lilikipoteza. Ikaja Februari 1967 na Azimio la Arusha, likawakataza viongozi mishahara miwili, hisa za makampuni na nyumba za kupangisha, na kwa miaka michache kulikuwa na wivu mwema wa usafi, ambao wenye umri wangu wanaukumbuka.

Kilichouvunja si ubaya wa watu peke yake, bali uhaba. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, mafuta yaliyopanda bei, fedha za kigeni zilizokauka, viwanda vilivyosimama kwa kukosa vipuri, vyote vilifuatana, na sukari, sabuni, unga na khanga vikawa vitu vya kusubiriwa katika foleni tangu alfajiri. Hapo neno kibali likapanda cheo kuliko neno fedha. Kulikuwa na kibali cha saruji, kibali cha bati, kibali cha matairi, na aliyekuwa na kalamu ya kukitia sahihi aliweza kuwa na mshahara usiotosha wiki mbili na bado akala mwezi mzima. Bidhaa zilitoka kwa mlango wa uani. Tulijifunza majina mapya ya jambo kongwe: chai, soda, kitu kidogo kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya, mlungula, na kila jina lilikuwa dogo na tamu kuliko lililotangulia, mpaka rushwa ikafanana na kiburudisho. Jina lililoenea kuliko yote halikuwa jina bali kitendo, nacho ni kusaidia. Nisaidie nikusaidie. Raia akaja kuomba msaada wa kupewa kilicho chake, na mtumishi wa umma akawa mfadhili, na huko ndiko kugeuzwa kwa haki kuwa hisani ambako kunamdhalilisha mtu hata pale anapofanikiwa.

Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliwaingilia wahujumu uchumi kwa kishindo. Watu zaidi ya elfu walikamatwa, na wengine wakatupa mali zao usiku baharini na vichakani wasije wakakutwa nazo. Umma ulishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao. Lakini sheria iliyotungwa ilirudi nyuma kuyahukumu matendo yaliyotendwa kabla yake, ikazuia dhamana, ikawanyima washtakiwa wakili, na mwaka uliofuata ilibidi ibadilishwe. Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na huzuni ya siku ile ilikuwa ya kweli nchi nzima. Mwaka huo huo haki za binadamu ziliandikwa katika Katiba yetu. Nayaweka mambo haya pamoja makusudi, kwa kuwa rushwa ilikuwa imekwisha kutufanya tuwe watu wa kutamani haki ipatikane kwa njia yoyote, hata kwa kuivunja.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Februari 1991 masharti ya uongozi ya Arusha yalilegezwa huko Zanzibar, na mwenye cheo akaruhusiwa kuwa pia mwenye duka. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba, ambayo mwishoni mwa mwaka ilitoa taarifa nzito iliyowagawa wala rushwa mafungu mawili, wanaopokea kwa kuwa mshahara hautoshi na wanaopokea kwa kuwa tamaa haitoshi, ikaeleza jinsi fungu la pili linavyolilea la kwanza. Taarifa ile iliwasomea watu kwa sauti yale waliyokuwa wakinong'ona.

Lakini katika mwaka 2000 likatokea jambo ambalo mtu wa lugha hawezi kulinyamazia. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikamruhusu mgombea kutoa takrima, yaani ukarimu wa desturi, wakati wa kampeni, pasiwe na hesabu ya kosa. Takrima ni neno la adabu, limetoka katika mzizi wa karama na ukarimu, na katika nyumba za pwani maana yake ni kumpokea mgeni kwa kahawa na tende bila ya kutaka kitu kwake. Likachukuliwa neno hilo, likavikwa kilo ya sukari na khanga iliyogawiwa siku chache kabla ya kura. Raia hawakukubali, mashirika ya haki za binadamu yalikwenda mahakamani, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitengua vifungu vile kwa kuwa vilivunja usawa uliomo katika Katiba, mgombea maskini asiweze kushindana na tajiri na mpiga kura asiweze kuchagua kwa hiari yake. Wanasheria wanaikumbuka hukumu ile kwa hoja zake. Mimi naikumbuka kwa kuwa mahakama ililirudisha neno nyumbani kwake.

Mwaka ule ule, au ulioufuata, nilikuwa nimeketi katika afisi moja inayohusika na viwanja, katika mji nisioutaja, nikingoja faili langu ambalo kwa wiki tatu lilikuwa halionekani. Mbele yangu dirishani alisimama mzee wa kanzu iliyofifia, na fimbo yake ameitundika katika mkono wake wa kushoto. Karani alimweleza kwa sauti ya upole kwamba jambo lake lina ugumu, lakini watu husaidiana. Mzee akasema, Mwanangu, nimekufahamu. Akafungua mkoba wa ukindu, akatoa noti moja ya elfu kumi, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka juu ya meza, mahali ambapo sote tulioketi katika benchi tuliiona. Kisha akasimama kimya. Karani akaitazama noti, akatutazama na sisi. Mzee akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyenunua chumvi, Basi niandikie stakabadhi, mwanangu, na jina lako ulitie chini. Karani akaisukuma noti kwa kidole kimoja mpaka ukingo wa meza, akainuka, akaingia chumba cha ndani, na haikupita muda tukasikia makabati yakifunguliwa.